Maneno Kumi na Nane ya Kupunguza Mwendo

Namshukuru Mungu kwa mengi. Kwa macho ambayo bado yanasoma, kwa mke niliyezeeka naye, kwa samaki ambao hawakukosekana mezani petu hata miaka ile chumvi ya kuwatilia ilipokosekana. Lakini ndani ya kitabu changu cha sala ipo karatasi moja ambayo sijawahi kuishukuru, na kila nikiikunjua damu inanichemka kana kwamba ni jana. Nimewafundisha wakatekumeni wengi kwamba mtu asilale kitanda kimoja na hasira yake. Hii yangu nimelala nayo miaka yote. Leo naiandika, pengine itanipisha.

Karatasi yenyewe ina maneno kumi na nane. Kushoto yako kwa Kiingereza, kulia kwa Kihispania. Ukiyasoma mstari kwa mstari, yote yanasema jambo moja: dereva, punguza mwendo. Mwandiko wa kulia ni wangu.

Mtu atauliza mkatekista wa Kamunyonge, hapa Musoma, alikipata wapi Kihispania. Nikiwa kijana, upande wa Murangi nilikozaliwa, nilifanya kazi kwa padre mzee Mhispania. Nilimpikia, nikamfulia, na jioni nilisali naye rozari kwa lugha yake, kwa sababu alisema Kiswahili chake kinamchosha Mama Maria. Nilikaa naye miaka kumi na mmoja. Alipofariki aliniachia jozi ya viatu, saa isiyotembea, na kamusi nene ya Kiingereza na Kihispania ambayo mende walikuwa wameanza kuila kutoka mwisho. Kwa hiyo Kihispania changu kilikuwa cha kanisani. Nilijua kusema rehema, toba, na saa ya kufa kwetu. Breki sikuijua.

Miaka ya shida ilipofika, vibao vya barabara yetu vilianza kupotea. Kutoka Bunda hadi Musoma vilikuwapo vibao vya bati vya tangu zamani, vya kona, vya shule, vya daraja. Vilikwenda kimoja kimoja. Bati lilikuwa mali wakati ule. Mtu aliyekuwa na bati alikuwa na jiko, mfuniko, sufuria. Mke wangu alinunua jiko la mkaa pale sokoni Musoma, akapikia maharage miezi kadhaa kabla sijaona kwamba ubavuni, chini ya masizi, kuna herufi tatu nyeupe: S, L, O. Fundi alikata hapo. Nilijua herufi ya nne ilikuwa ipi na kibao kilitoka wapi. Sikumwuliza mtu. Niliendelea kula maharage. Naliweka hili mbele, ili nitakapowalaumu wengine nisijifanye kwamba mimi nilikuwa malaika.

Kisha shida ikaanza kulegea. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikaja kwa marobota, watu wakaacha kupanga foleni ya kanga. Na ikaja kampuni ya kujenga barabara. Sitaitaja jina, na wala haisaidii kulitaja. Ilikuja na mitambo yake, na baadhi ya madereva wake iliwatoa kwenye kazi iliyoimaliza huko ng'ambo, nchi ya watu wanaosema Kihispania. Walikuwa watatu, wote wa matipa ya kubebea moramu, ule udongo wa kushindilia barabara. Watoto wa kando ya barabara waliwazoea haraka. Tipa likipita walipiga kelele, "Amigo! Amigo!" na mkono ulitoka dirishani kuwapungia.

Msimamizi wa kambi alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni. Alikuwa na karatasi ya usalama kutoka makao makuu yao, imeandikwa Kiingereza, na madereva wake watatu hawakujua Kiingereza. Aliuliza huku na huku, paroko akamwelekeza kwangu.

"Mzee, unaweza kutafsiri?"

"Ni maneno ya nini?"

"Ya kupunguza mwendo. Kumi na nane tu."

Nilifurahi. Sioni haya kusema hivyo. Nilidhani Mungu amenikumbuka, kwamba ile lugha niliyosalia jioni za ujana wangu itaokoa sasa watu wa barabarani. Nilipanda basi kwenda kambini, njiani kuelekea Bunda, kamusi nikiwa nimeifunga kwa kanga ya mke wangu.

Siku ya kwanza nilishindwa kabisa. "Slow" niliipata, "despacio", hata padre alizoea kuniambia hivyo nikikimbiza Salamu Maria. "Reduce Speed" nayo niliipata. Lakini karatasi ilikuwa na maneno ya gia, ya breki, ya mteremko, ya kumpisha mwenzio, na kamusi ya padre haikuwa ya watu wa magari. Mmoja wa wale madereva watatu akaja kukaa nami kwenye kivuli cha tipa lake. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na kwenye kioo cha gari alikuwa amening'iniza rozari. Kila Jumapili tulikuwa tukimwona kanisani, benchi la nyuma. Alinisomea nilichoandika, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mwalimu," aliniambia kwa Kihispania, "hii 'simamisha gari' umeiandika kama unamwomba msamaha. Padre wako alikufundisha kumbembeleza Mungu. Lori halibembelezwi."

"Basi niandike nini?"

"Andika 'frene', shika breki. Neno moja. Lori ni kama punda."

Tulipofika "Dead Slow" nilisita. Nilimwambia naona kama humo ndani kuna kifo.

"Usiandike kufa," alisema. "Andika 'al paso'. Mwendo wa miguu. Kama unavyotembea nyuma ya jeneza."

Hivyo ndivyo karatasi ilivyokamilika. Dereva alinifundisha maneno ambayo mimi niliitwa nimfundishe yeye. Siku ya tatu msimamizi aliwaita wote watatu, nikawasomea mistari kumi na minane, wakatikisa kichwa, wakatia sahihi. Chini kabisa, penye neno mfasiri, nikatia ya kwangu. Msimamizi aliibeba ile karatasi kwa mikono miwili kama padre anavyobeba Injili, akaenda kuifungia kabatini.

Kabatini! Nilidhani itabandikwa. Nilidhani kila tipa litapewa nakala yake. Nilimfuata.

"Bwana, hawataisoma tena?"

"Wameshaisoma," alisema. "Wametia sahihi."

Nilipokuwa natoka langoni nikaona kitu kilichobandikwa mahali pa kuonekana. Ulikuwa ubao mweusi, kila dereva na mstari wake, na kila tripu ya moramu alama moja ya chaki. Aliyemaliza wiki na alama chache aliitwa mbele ya wenzake Jumamosi akasemwa kama mtoto. Nilisimama nikautazama. Yule dereva wangu alikuwa akipita na kikombe cha kahawa.

"Unasoma nini, mwalimu?"

"Naona mna maandiko mawili hapa."

"Karatasi inasema polepole," alisema. "Ubao unasema kimbia. Karatasi imefungiwa. Ubao haujafungiwa."

Nilimrudia msimamizi mara ya pili. Nilimwambia, kwa Kiingereza changu cha mkatekista, kwamba ubao unakataa kila kitu nilichoandika. Alinisikiliza vizuri, kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa maneno. Ubao ni kazi ya mtu mwingine." Na mimi, kwa kuwa nimelelewa kuvumilia, nikasema asante. Ile asante inaniuma kuliko lolote nililotamka katika maisha yangu.

Haikupita miezi mingi, mume wa dada yangu akafariki. Ugonjwa ulimkalia muda mrefu, tukamshukuru Mungu aliyempumzisha. Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Mji wake uko kando ya barabara hiyo hiyo, ukitoka Bunda, kabla hujafika njia panda ya kwenda Butiama. Nyumba iko upande mmoja, pampu ya maji upande wa pili. Vijana walikata matawi ya mjohoro asubuhi, wakayatandaza barabarani upande wa Bunda na upande wa Musoma, mbali kidogo kutoka nyumbani. Magari yakaanza kupita kama yanavyopaswa kupita msibani. Basi la Mwanza lilipunguza mwendo hata tukasikia mtoto analia ndani yake. Lori la pamba lilipita taratibu, utingo juu ya marobota akavua kofia. Hakuna aliyesimama barabarani kumwelekeza mtu.

Mchana, mpwa wangu, binti wa dada, mama wa watoto wawili, alivuka kwenda kuchota maji ya kupikia waombolezaji. Mimi nilikuwa nimekaa na wazee ukutani, nikimwona. Alijaza ndoo, akajitwisha, akatazama upande wa Musoma, akatazama upande wa Bunda. Tipa lilikuwa linakuja, lakini lilikuwa bado nyuma ya matawi. Akaanza kuvuka bila haraka, kama mtu anayejua gari likifika kwenye matawi litafanya nini.

Halikufanya. Liliyapanda yale matawi kwa mwendo wake ule ule. Nilisikia majani yakichanika chini ya magurudumu, nikasikia breki, nikasikia ndoo.

Tulipofika alikuwa hai. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala upande usio wake. Aliniona, akasema, "Mjomba, maji yamemwagika," akazirai.

Tipa lilisimama mbele huko, na dereva akateremka akirudi mbio kwetu. Alikuwa yeye, yule wa rozari. Vijana walikwisha kushika mawe na mpini wa jembe. Nilisimama katikati yao na yeye. Wengi walinisifu baadaye wakasema ni imani. Haikuwa imani, miguu yangu iligoma tu kutoka pale. Yeye alipiga magoti karibu na mpwa wangu, akavua shati kumfunga mguu, akinililia mimi kwa Kihispania.

"Mwalimu, mbona hamkuweka alama? Watu wengi hivi, mbona hakuna alama?"

"Kulikuwa na matawi!" nilimfokea. "Pande zote mbili! Umeyakanyaga!"

Aliinua uso akanitazama. "Matawi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Aliyaona, aliniambia tulipokuwa tukisubiri gari la kumpeleka mpwa wangu hospitali. Alidhani yameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa mtu aliyekata majani ya mbuzi. Mistari kumi na minane nilimsomea, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akanisahihishia. Ule ambao barabara yetu inautumia kila siku, ambao mtoto wa darasa la kwanza anaujua, ambao dereva wa basi hahitaji kibao kuuelewa, sikumwambia. Haukunijia kichwani. Ungenijiaje? Nani anakaa chini kutafsiri majani?

Mpwa wangu alipelekwa hospitali Musoma. Dereva alipelekwa mahabusu Bunda. Shemeji tulimzika jioni ile.

Siku ya pili baada ya mazishi, msimamizi alikuja nyumbani kwangu Kamunyonge. Mke wangu alimkaribisha kiti, akamletea uji. Alitoa ile karatasi kutoka kwenye mkoba. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona nje ya kabati tangu siku ile.

"Nakupa pole, mzee. Nimesikia ni ndugu yako." Kisha akaiweka mezani. "Polisi wanataka maelezo. Andika hapa chini kwamba ulimsomea yote, akaelewa, akatia sahihi. Ndiyo kweli, au siyo?"

"Ni kweli."

"Basi kampuni ilimwonya. Kosa ni lake. Atashtakiwa yeye, na familia yako itaona haki imetendeka."

Hapo ndipo nilipoielewa karatasi ile. Haikuandikwa ili tipa lipunguze mwendo. Iliandikwa ili siku tipa litakapomgonga mtu, pawe na jibu kabatini. Na jibu hilo niliwatengenezea mimi, kwa lugha niliyofundishiwa sala. Niliinuka kitini. Mke wangu aliona, akauondoa uji mbele ya mgeni kabla hajaunywa, jambo ambalo katika nyumba yetu halijawahi kutokea kabla wala baada.

"Niachie," nilimwambia. "Nitaileta mwenyewe kituoni kesho."

Hakutaka kuiacha. Nikamwambia basi sahihi asahau. Akaiacha.

Nilikwenda kwa dada kwanza. Lazima niseme ukweli: njiani ndani ya basi nilitaka kutia sahihi. Yule dereva aliumiza damu yangu. Familia yote ilitaka afungwe. Kuandika mstari mmoja wa kweli kungewaridhisha wote, msimamizi, polisi, vijana wenye mawe, na mimi nikabaki mkatekista mwema. Lakini kila nikifumba macho nilimwona mtu asiye na shati akiuliza, matawi gani.

Dada alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimenyolewa. Nilimsalimu, nikamweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Hajui kusoma. Aliishika akaigeuzageuza.

"Hii ndiyo inamfunga?"

"Ndiyo, dada. Nikiandika kwamba nilimfundisha."

"Ulimfundisha?"

"Maneno ya hapa, yote."

"Na matawi?"

Nikanyosha mkono niichukue karatasi.

"Nakuuliza wewe, mwalimu wa watu. Na matawi ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Alinirudishia karatasi. "Mimi namtaka afungwe. Nikimkumbuka mwanangu pale chini namtaka hata afe. Lakini nenda kaseme ulichofanya. Usizidishe, usipunguze. Halafu huyo mwenye ubao wa chaki, yeye atafungwa na nani?"

"Sijui, dada."

"Hujui. Miaka yote unasalishaga watu, halafu hujui." Akageukia ukuta.

Asubuhi nilikata tawi la mjohoro pale pale kwake nikapanda nalo basi kwenda Bunda. Konda alinitania, "Mzee, leo Jumapili ya Matawi?"

Kituoni alikuwapo sajenti wa trafiki, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kukwaruza. Msimamizi alikwisha kufika. Nilipoingia alitazama kwapani pangu penye tawi, kisha akatazama mkono wangu mwingine, akitafuta karatasi. Nililiweka tawi juu ya meza ya sajenti, juu ya madaftari yake.

"Mzee, huu uchafu wa nini?"

"Samahani, afande. Naomba nikuulize. Ukikuta hili barabarani, unafanyaje?"

Alinitazama kama mgonjwa. "Napunguza mwendo. Kuna msiba, au gari bovu mbele. Kila mtu anajua."

Nikamgeukia msimamizi, nikamwuliza swali lile lile kwa Kiingereza. Alitazama tawi, akamtazama sajenti, akanitazama mimi.

"Ni tawi," alisema.

"Amekuwa kwenye barabara hii mwaka mzima," nilimwambia sajenti. "Anasema ni tawi. Dereva wake naye hivyo hivyo. Niliwafasiria maneno kumi na nane, na hili halikuwamo. Kosa hilo ni langu, liandike. Lakini andika pia kwamba kuna ubao langoni kwao unaohesabu tripu, na nilimwambia bwana huyu akaniambia si kazi yake."

"Huo ubao hauhusiki," msimamizi alisema alipolisikia neno ubao.

"Afande, twende ukauone."

Sajenti alijikuna shingo. "Mzee, mimi naandika ajali. Ubao haujagonga mtu."

Hapo nilipandisha sauti ndani ya kituo cha polisi, mimi ambaye sijawahi kupandisha sauti hata kwa watoto wa mafundisho. Nilisema ubao ndio uliogonga, dereva alishika usukani tu. Nilisema siwezi kutia sahihi chini ya karatasi iliyokaa kabatini ikisubiri mpwa wangu avunjike mguu. Sajenti aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Keti, baba. Utaanguka." Na akaandika. Aliandika kwamba dereva hakuijua alama ya matawi, na mfasiri anakiri hakumwambia. Kuhusu ubao nilimwona akiinua kalamu, akaitazama, akaishusha bila kuandika.

Dereva aliachiwa baada ya siku chache. Kampuni haikumrudisha kwenye tipa, ilimrudisha kwao. Nilisikia kwa wapishi wa kambini kwamba alipitishwa Musoma asubuhi, na kwamba aliomba gari lisimame hospitalini amwone mpwa wangu, akaambiwa wamechelewa. Wamechelewa! Hata kumwondoa mtu walimwondoa kwa mwendo wa ubao.

Wiki iliyofuata msimamizi aliniita tena. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona uso wake. Alikuwa na karatasi mpya iliyopigwa chapa, maneno yale yale kumi na nane, na chini yake mstari wa kumi na tisa: matawi barabarani, punguza mwendo. Alitaka niuweke kwa Kihispania, madereva wawili waliobaki watie sahihi. Ubao ulikuwa pale pale langoni, umefutwa, na tripu za siku zilikwisha kuanza kuandikwa. Niliufasiri ule mstari. Sikuufasiri kwa ajili yake. Niliwasomea madereva wenyewe, nikawashika mikono, nikawaeleza mpaka mmoja akaanza kulia kwa kumkumbuka mwenzao. Karatasi ya kwanza ilibaki kwangu. Hakuna aliyeniomba.

Tangu siku ile wale wawili walipunguza mwendo kila walipoona jani bichi. Dada yangu aliliona hilo kabla ya watu wote. Arobaini ya mumewe ilikwisha kupita, na asubuhi moja wanawake wa jirani wakaona matawi mabichi barabarani, upande wa Bunda na upande wa Musoma. Walikuja mbio na kanga viunoni.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu," dada alisema. "Watoto wanavuka kwenda shule."

Ikawa zogo. Kutandaza majani ya msiba pasipo maiti ni kuita maiti. Sisi tumekua tukijua hivyo. Waliniita mimi siku hiyo hiyo, maana ni mtu wa dini. Nikawakuta wamekaa uani, dada akiwa katikati kama mshitakiwa, na mpwa wangu ametolewa hospitali, mguu umefungwa kwenye mbao.

"Mwalimu," mama mmoja mzee alisema, "tuambie. Ni dhambi au si dhambi? Huyu dadako anaitaga kifo mlangoni kwetu."

"Kuita!" dada alisema. "Kifo kilishajua njia. Kilikuja kwa tipa, tena mchana, hakikubisha hodi. Mnaogopa nikikiita kitapotea?"

Hawakucheka wote, lakini wengine walicheka. Walinigeukia. Nilijua mafundisho. Uongo ni uongo, hata wa majani. Kumfanya mtu amhurumie marehemu asiyekuwapo ni kumdanganya. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona mbao kwenye mguu wa mpwa wangu.

"Mjohoro uko mwingi," niliwaambia. "Kateni."

Baada ya majuma mawili, matawi yalikuwa kila penye pampu, kila penye shule, kila penye gulio, kutoka karibu na Bunda mpaka njia panda ya Butiama. Msimamizi alinifuata Kamunyonge mara ya mwisho. Safari hii mke wangu hakumpa kiti.

"Mzee, watu wako wanatandaza majani kila mahali. Hakuna misiba yote hiyo. Tripu zimepungua karibu nusu. Wewe ni mtu wa Mungu, waambie waache kusema uongo."

"Nitawaambia," nilimjibu, "siku utakapoufuta ubao wako usiuandike tena."

Hakuufuta. Nami sikuwaambia.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza nikashuka kwa dada. Nilikata matawi mwenyewe, mpwa wangu akinionyesha yapi yana majani mengi, akiwa kwenye kigoda maana gongo la kutembelea alikuwa hajalizoea. Nikayatandaza upande wa Bunda, nikakaa kando. Tipa likaja na vumbi lake. Lilipofika kwenye matawi lilikohoa, likashuka gia, likapita mbele yangu kwa mwendo wa miguu. Dereva alinitambua. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza kwa Kihispania amefariki nani.

Niliinamisha kichwa kama mfiwa, nikamwacha asikitike mpaka watoto wote walipokwisha kuvuka.